Neva yangu haikufa, Mhariri: iliota, na ndiyo inayoniuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na naomba usiikatekate sana barua hii, ingawa najua mikasi ya wahariri ni mikali kuliko wangu. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona kwa miaka 31, na minne ya mwisho nimeshona nikiwa na kiganja cha kulia kisichovumilia hata upepo wa feni.

Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa afya ulibeba makala kuhusu maumivu ya neva, yaani mishipa ya fahamu, yasiyoisha. Nilipoona kichwa cha habari nilifurahi, maana ugonjwa huu ni nadra kuandikwa. Furaha yangu iliishia aya ya tatu. Mwandishi anasema mtu anayeumwa neva kwa muda mrefu ni kwa sababu neva zake "zimekufa". Kwamba sayansi imegundua protini inayozikuza. Na kwamba protini hiyo ikiongezwa mwilini, neva hufufuka na maumivu huondoka. Chini ya makala, kwenye ukurasa uleule, lilikaa tangazo la vidonge vya "kuamsha na kukuza neva". Sijui nani aliyewaweka majirani hawa wawili, nami sitamtafuta. Ninachotaka kusema ni kwamba makala ilisimulia nusu ya kisa. Nusu iliyoachwa ndiyo inayonikosesha usingizi.

Sina shahada ya udaktari. Niliyoyajua kuhusu neva nimeyapata kwenye kiganja changu na kwa binti yangu anayesomea kazi za maabara. Kwa miaka hii minne amekuwa akinisomea jioni maandishi ya watafiti na kunifafanulia, nami nikimuuliza maswali ya kijinga hadi yeye mwenyewe anarudi kuyatazama upya.

Nianze na kiganja. Kioo kirefu cha kujitazamia nguo kilikuwa kinaanguka, nikanyoosha mkono kukidaka, jambo ambalo mtu aliyepata hata nusu sekunde ya kufikiri hawezi kulifanya. Kipande kikapita kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Neva ya kati ikakatika, ile inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kwa maneno ya kazi yangu, ni vidole vyote vinavyoshika sindano.

Daktari wa upasuaji aliishona usiku uleule. Kesho yake aliponiambia kwamba ametumia uzi mwembamba kuliko unywele, akitazama kwa darubini, nilimuuliza amepiga mshono gani. Alicheka, kisha akaona kwamba siulizi kwa mzaha. Akasema anapiga vifundo vichache tu kwenye ganda la nje, vya kuzishikilia ncha mbili zitazamane. Nyuzi za ndani hazishoneki. Za upande wa mbele, zilizotengwa na mwili wa seli, zitaoza na kusafishwa. Na kutoka kwenye kikonyo cha nyuma zitachipua mpya, zifuate njia iliyobaki wazi, kama milimita moja kwa siku.

Milimita moja! Hilo nililielewa kuliko yote aliyosema. Nikachukua futi yangu nikapima kutoka kwenye kovu hadi ncha ya kidole cha kati: sentimita 18. Siku 180, na wiki chache za mwanzo ambazo neva hujikusanya kabla ya kuanza safari.

Mtaalamu wa tiba ya viungo akanifundisha mchezo ambao sitausahau. Unagonga taratibu kwa ncha ya kidole cha mkono mwingine, ukifuata njia ya neva. Pale nyuzi changa zilipofika, kugonga kunaleta mtekenyo wa umeme unaokimbilia vidoleni. Ukishapita hapo, kimya. Kila Jumapili niligonga, nikatia nukta kwa chaki ya fundi. Chaki inafutika, kwa hiyo niliuchora mkono wangu kwenye karatasi ya kukatia nguo, nikawa nahamishia nukta huko na kuandika tarehe kando. Wiki nyingine milimita sita, wiki nyingine nane. Sijawahi kukata karatasi ya nguo yoyote kwa uangalifu kama ule.

Neva zikaota, Mhariri. Ziliota mpaka mwisho. Zilipomaliza kuota, mimi nikakosa usingizi wa kuota.

Kwanza ilikuwa vichekesho: nikiguswa gumba nahisi kidole cha kati, kwa sababu nyuzi nyingine ziliingia njia zisizo zao. Mwezi wa sita ukaja moto, nao haukuwa wa kidonda, maana kidonda kilishafunga zamani. Ulianzia katikati ya kiganja, ukapanda kwenye vidole, mara kama maji ya moto, mara kama mtu anavuta uzi wa umeme ndani ya mfupa. Kilichonishangaza zaidi ni vitambaa. Jinzi nzito naweza kuishika na kuikandamiza. Hariri siwezi. Shifoni ikiteleza juu ya kiganja changu, machozi yanatoka. Kwa miaka 27 nilikuwa natambua ubora wa kitambaa kwa kukipapasa macho yamefumba; sasa kadiri kitambaa kinavyokuwa laini ndivyo kinavyonichoma.

Nilirudi hospitali. Nikapimwa umeme wa neva. Daktari niliyemkuta siku hiyo, simtaji na sina kinyongo naye, aliangalia karatasi akasema, "Mama, neva imeota vizuri kabisa. Ulipaswa kufurahi. Punguza mawazo."

Ndiyo maana aya yenu ya tatu ilinikera. Daktari huyo na mwandishi wenu wana imani moja: kwamba neva ikikua imepona, na ikipona haiumi. Mmoja aliniona nimekua, akahitimisha siumwi. Mwingine anaona watu wanaumwa, anahitimisha hawajakua.

Sasa nije kwenye protini yenyewe. Ipo kweli, na kisa chake ni kizuri kiasi kwamba nashangaa mwandishi alikiruka. Aliyeanza kuifuatilia ni mwanamke wa Italia, Rita Levi-Montalcini, aliyezaliwa Torino mwaka 1909. Sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938 zilimfungia milango ya chuo kikuu kwa kuwa alikuwa Myahudi. Akafungua maabara chumbani kwake. Alichunguza neva za vifaranga wakiwa bado ndani ya yai, na vifaa vyake vya upasuaji vilikuwa sindano za kushonea alizozinoa mwenyewe. Binti yangu aliposoma hapo nilimwambia arudie. Sindano za kushonea! Tangu siku hiyo namhesabu mama huyo kuwa mtu wa kazi yetu.

Baada ya vita, mwaka 1947, alikwenda Marekani, St. Louis, kwenye maabara ya Viktor Hamburger. Huko kulikuwa na jambo la ajabu: uvimbe fulani wa saratani ya panya ukipandikizwa kwenye kifaranga, neva zilimiminika kuufuata kama zimeitwa. Mwaka 1952 alisafiri kwa ndege hadi Rio de Janeiro akiwa amebeba panya wenye uvimbe huo, maana huko walijua kuotesha tishu ndani ya kioo. Akaona kipande cha neva kilichowekwa karibu na uvimbe kikitoa nyuzi pande zote, kama miale ya jua. Kulikuwa na kitu kinachotoka kwenye uvimbe. Stanley Cohen, mtaalamu wa kemia ya viumbe, alisaidia kukitafuta. Walikikuta kwa wingi kwenye sumu ya nyoka, kisha kwenye tezi za mate za panya. Wakakiita kikuza neva, wataalamu hufupisha NGF. Mwaka 1986 wawili hao wakapewa tuzo ya Nobel. Mama yule aliishi miaka 103.

Hadi hapo makala yenu haina kosa. Mtoto akiwa tumboni, neva za maumivu na zile zinazoendesha jasho na mapigo ya moyo huihitaji protini hii ili ziishi. Inayoikosa hufa. Kosa ni kudhani kwamba kazi hiyo inaendelea vilevile kwa mtu mzima. Haiendelei. Neva ya maumivu ya mtu mzima haifi kwa kuikosa NGF. Kinachobadilika ni ukali wake. Cherehani ina skrubu ya kukazia uzi. Ukiilegeza, mshono unaning'inia. Ukiikaza kupita kiasi, kitambaa kizuri kabisa kinajikunja. Kwa mtu mzima NGF ni mkono unaozungusha skrubu hiyo.

Mahali pakiumia, seli za ngozi, seli za kinga zilizokimbilia pale, na zile seli zinazoivika neva kama bitana, zote humwaga NGF. Hiyo hushika kipokezi kiitwacho TrkA kwenye ncha za neva za maumivu. Dakika chache tu, milango ya neva inayohisi joto inalegea. Mlango mmojawapo, TRPV1, ndio ule unaochomwa na pilipili. Kwa kawaida hufunguka joto likifika kama nyuzi 43 za Selsiasi. NGF ikiushughulikia, unafunguka kwa joto dogo zaidi. Nilipolisikia hilo niliacha kujiuliza kwa nini maji ya uvuguvugu ya kuogea yananiunguza.

Hilo ni la dakika. Kuna la siku na wiki, nalo ni zito zaidi. NGF na kipokezi chake humezwa ndani ya neva na kusafirishwa hadi mwili wa seli kando ya uti wa mgongo. Kutoka unyayoni ni safari ya takriban mita moja. Wakifika huko huamrisha vinasaba vitengeneze vifaa zaidi vya maumivu: milango mingi zaidi ya sodiamu inayorusha umeme, milango mingi zaidi ya joto, kemikali nyingi zaidi za kupigia kelele uti wa mgongo. Kwa hiyo neva inayorudi kazini si ileile. Mtu akiumia kidogo, mambo haya hushuka jeraha linapopona, na ni mazuri, kwa sababu yanakufanya ukilinde kidole. Neva yenyewe ikiwa ndiyo iliyokatwa au kubanwa, huenda mkono ukabaki kwenye skrubu.

Sisemi kwamba NGF peke yake ndiyo inayonichoma. Binti yangu amenionya nisiseme hivyo. Maumivu ya neva yana mikono mingi. Mmoja ni wa ndugu yake NGF aitwaye BDNF, aliyetolewa kwanza kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1982. Huyu hufanya kazi ndani ya uti wa mgongo. Mwaka 2005 watafiti wa Canada walionyesha kwamba neva ya panya ikiumizwa, seli za ulinzi za uti wa mgongo humwaga BDNF, na seli zinazopitisha habari za maumivu hupoteza uwezo wa kusukuma nje kloraidi, chembe za chumvi zenye chaji ya umeme. Matokeo yake ujumbe uliotumwa kuzituliza unazichochea. Fikiria ukanyage breki, gari liongeze kasi. Miaka kumi baadaye, mwaka 2015, ikaonekana kwamba njia hiyo ya seli za ulinzi ni ya panya madume. Majike hufika kwenye maumivu yaleyale kwa njia nyingine ya kinga ya mwili. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya panya wa majaribio ya maumivu walikuwa madume. Mimi ni mwanamke, na najua kwamba wengi wa tunaokaa kwenye benchi la kliniki ya maumivu ni wanawake, kwa hiyo habari hiyo sikuipokea kwa tabasamu.

Nirudi kwa mwandishi wenu na ushauri wake wa kuongeza protini. Jambo hilo limeshafanyika. Katika miaka ya 1990 wenye kisukari walioharibika neva za miguu walidungwa NGF iliyotengenezwa maabara. Hoja ilikuwa ya akili: NGF ilionekana kupungua kwenye ngozi ya wagonjwa hao. Majaribio madogo yalitia matumaini. Jaribio kubwa la wagonjwa zaidi ya 1,000, lililochukua wiki 48 na kuchapishwa mwaka 2000, halikuonyesha faida dhidi ya sindano isiyo na dawa. Lililoonekana wazi ni kwamba mahali pa sindano paliuma. Kabla ya hapo watu wazima wenye afya waliodungwa dozi ndogo, matokeo yao yakachapishwa mwaka 1994, walipata maumivu ya misuli ndani ya saa chache, na ngozi iliyodungwa ikabaki ikiuma kwa mguso kwa siku kadhaa. Hawa hawakuwa na neva iliyokufa wala iliyokatwa. Walipewa protini ya kukuza neva, wakapata maumivu. Hilo lingetosha kufuta aya ya tatu nzima.

Ili haki itendeke, iko sehemu moja ambako NGF ni dawa iliyoidhinishwa: matone ya macho, Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018, kwa watu ambao kioo cha jicho kimepoteza neva na kina vidonda visivyopona. Yanaponya vidonda. Lalamiko la kawaida kuliko yote la wanaoyatumia? Jicho kuuma.

Wapo pia wanaotuonyesha upande wa pili. Mwaka 1996 watafiti wa Japani waligundua kwamba watoto wanaozaliwa bila kuhisi maumivu wala kutoka jasho wana hitilafu kwenye kinasaba cha TrkA, kipokezi kile kile. Mwaka 2004 ukoo mmoja wa kaskazini mwa Sweden ukakutwa na hitilafu kwenye kinasaba cha NGF yenyewe. Usiku mmoja mbaya nilimwambia binti yangu kwamba nawaonea wivu. Akanisomea yanayowapata: wanavunjika mifupa wakaendelea kutembea, viungo vinasagika wangali vijana, watoto wanajing'ata ulimi na vidole. Wivu ukaisha. Usiku ule haukupungua urefu, lakini wivu uliisha.

Na hapa ndipo penye habari ambayo msomaji wenu mgonjwa alistahili kupewa. Kwa zaidi ya miaka 15 wanasayansi wenye lengo la kutuliza maumivu wamekuwa wakifanya kinyume kabisa cha ushauri wa makala yenu: wanaizuia NGF. Walitengeneza kingamwili zinazoikamata kabla haijagusa neva. Maarufu zaidi iliitwa tanezumab, ya kampuni za Pfizer na Eli Lilly. Kwa magoti yaliyosagika ilituliza maumivu kuliko sindano tupu, mpaka watu wakaanza kutembea vizuri. Kisha baadhi yao viungo vikaharibika upesi isivyo kawaida, hata vikahitaji kubadilishwa. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ikasimamisha majaribio. Yakaanza tena kwa masharti. Machi 2021 jopo la washauri likapiga kura 19 kwa 1 kwamba faida haizidi hatari, na mwaka huohuo kampuni zikaachana nayo.

Kwa maumivu ya neva, ambayo ndiyo yangu, dawa hiyo ilijaribiwa kidogo tu. Wenye neva zilizoharibiwa na kisukari walipata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia. Waliobaki na maumivu baada ya mkanda wa jeshi hawakuonyesha tofauti ya kutosha. Majaribio yenyewe yalikatizwa na lile zuio la 2010. Nawaza watu wale wa kisukari mara nyingi. Kuna mtu mahali fulani aliyevaa soksi bila kuungua kwa wiki chache, halafu akapigiwa simu kwamba zoezi limesimama.

Mbwa na paka wamebahatika zaidi. Kingamwili za kuzuia NGF zimeidhinishwa kwa maumivu yao ya viungo Ulaya na Marekani. Ya paka ilipita Marekani Januari 2022. Sina wivu na paka. Ila mwandishi wa afya anayesema protini hii iongezwe ili maumivu yaondoke, alipaswa kujua kwamba daktari wa mifugo anaipunguza kwa sababu hiyohiyo.

Tatizo jingine, na hili si la gazeti lako peke yake, ni neno letu "mshipa". Makala imelitumia mara nyingi, mara kwa neva, mara kwa mshipa wa damu, mara kwa kano. Mtu anayesoma "mshipa umekufa" anapata picha ya bomba lililoziba, na bomba dawa yake ni kuzibua. Mimi mwenyewe kwa miezi minne nilisugua kiganja kwa mafuta moto "kuzibua mshipa", nikiuma kitambaa kwa meno. Ningeliona neno "neva" mapema, au "mshipa wa fahamu" kwa ukamilifu wake, pengine ningeuliza swali lililo sahihi mapema. Maneno ni kama vipimo: ukikosea bega, nguo nzima inakaa upande.

Mtaniuliza sasa natumia nini. Daktari wa pili, aliyekuja kunisikiliza mwaka wa pili, hakuniambia neva imekufa wala kwamba nawaza sana. Alipitisha pamba kwenye kiganja, akaona uso wangu, akasema, "Pole mama. Hii inaitwa maumivu ya neva, na ina jina kwenye vitabu." Nililia mbele yake kwa sababu ya sentensi hiyo, kabla sijapewa dawa yoyote. Natumia amitriptilini usiku, dozi ndogo, dawa iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya sonona. Inakausha mdomo, na asubuhi naamka nimelewa usingizi. Imepunguza moto, haikuuzima. Wengine hupewa gabapentini, iliyoanzia kwenye kifafa, au duloksetini. Hakuna hata moja kati ya hizi inayokuza neva. Hupunguza kelele njiani. Nafanya pia mazoezi ya kukizoesha kiganja vitambaa: wiki za jinzi, kisha pamba nzito, kisha pamba nyepesi. Hariri bado tunatazamana kwa mbali.

Naomba, Mhariri, mchapishe masahihisho kwenye ukurasa uleule wa afya, si kwenye kona ya ukurasa wa mwisho. Yaseme kwamba mtu anaweza kuumwa neva iliyo hai na iliyoota vizuri. Kwamba protini za kukuza neva kwa mtu mzima mara nyingi ndizo zinazochochea maumivu. Na kwamba hakuna kidonge kilichothibitishwa kuponya maumivu haya kwa "kukuza neva". Aliyenunua vile vidonge baada ya kuisoma makala anastahili kulisoma hilo mahali alipolisoma lile.

Barua hii nimeitamka, binti yangu ameiandika, nami nimegombana naye mara tatu kuhusu kloraidi. Karatasi ya mkono wangu ninayo bado. Nukta ya mwisho iko kwenye ncha ya kidole cha kati, na tarehe yake kando. Mkitaka kuichapisha pamoja na masahihisho, yeye ataileta ofisini, maana kukiwa na upepo mimi siwezi kushika bahasha kwa mkono ule.

Jina langu naomba mliweke kapuni. Andikeni tu:

Fundi cherehani